Kaburi lililochukuliwa na mto

Tulifika saa nne asubuhi, na hapakuwa na upepo. Dereva alizima gari, akashuka, akalowesha kidole kwa mate na kukiinua juu ya kichwa chake, kisha akamgeukia mama mkwe wangu na kunyanyua mabega. Nyasi kavu kando ya njia zilikuwa zimesimama wima kama zimechomekwa ardhini kwa mkono. Nilikuwa nimeambiwa na kila mtu kwamba nyika ya mto Syr Darya, kusini mwa Kazakhstan, haijui kutulia, kwamba upepo wake unaingia mpaka kwenye unga. Na sisi tulikuwa tumesafiri usiku na mchana kwa ajili ya upepo huo.

Mnara wa Korkyt Ata, mpiga muziki wa masimulizi ya kale, ni nguzo nne za zege zilizosimama zikipeana migongo, kila moja ikitazama upande wake wa dunia. Chini nguzo ni nyembamba, juu zinapanuka na kufunguka kama kata ya kuchotea maji, na ukisogea kidogo nyuma ndipo unapoona kwamba kila nguzo imechongwa kwa umbo la kobyz, kile chombo cha nyuzi mbili ambacho Wakazakhi wanasema Korkyt ndiye aliyekitengeneza mara ya kwanza. Katikati, pale nguzo zinapokutana, yamepangwa mabomba 40 ya chuma. Upepo ukipita kwenye midomo ya mabomba hayo, hewa iliyomo ndani hutetemeka na mnara mzima hutoa sauti. Watu huja hapa kuzuru, lakini pia huja kusikiliza.

Asubuhi ile palikuwa kimya hata nikasikia saa ya mkononi ya dereva.

Tulikuwa wanne: dereva, mama mkwe wangu ambaye ninamwita apa kama wakwe wote wa kule wanavyowaita mama za waume zao, binti yangu wa miaka tisa, na mimi. Mume wangu na kaka zake walibaki Zhosaly, umbali wa kilomita 18 hivi, wakirudisha masufuria na viti vya kuazima. Siku iliyotangulia tulikuwa tumefanya zhyly ya baba mkwe, yaani kisomo cha kutimiza mwaka tangu afariki. Wageni walikuja kutoka vijiji vya wilaya nzima ya Karmakshy. Tulichinja, tukapika nyama, tukapika na wali, kwa sababu bonde la Syr Darya ndilo shamba la mpunga la Kazakhstan na hakuna shughuli huku inayopita bila wali. Tangu alfajiri nilisimama kwenye mafuta ya moto nikikaanga shelpek, mikate myembamba ambayo lazima iwe saba kwa ajili ya marehemu. Harufu ya mafuta yale, wanasema, huwafikia waliotangulia. Nilikaanga saba, kisha saba nyingine, kisha sikuhesabu tena.

Nilipoolewa huku nilidhani nitakuwa mgeni katika kila kitu. Kumbe mlango nilioujua kuliko yote ulikuwa mlango wa msiba. Fatiha ni ileile. Viganja vinapandishwa usoni vilevile, isipokuwa wao wanasema "aumin". Ukiwa kwenye treni na dirishani yakapita makaburi, yale majengo madogo ya matofali yenye kuba yanayosimama nyikani kama kijiji kisicho na moshi, utaona behewa zima likinyamaza nukta moja na mikono ikipita usoni: mzee anayecheza karata, kijana mwenye spika za masikioni, mama anayenyonyesha. Wote. Mara ya kwanza nilipoona hivyo, nililia, na mume wangu hakuelewa kwa nini.

Ilikuwa kwenye treni hiyo, kutoka Almaty, ndipo apa alipomsimulia mjukuu wake habari za Korkyt. Apa alikuwa amekuja kwetu wakati wa baridi na tulikuwa tunarudi naye. Nitaisimulia kama alivyoisimulia yeye, kwa sababu wengine wanaisimulia tofauti.

Siku aliyozaliwa Korkyt kulitanda giza na watu wakaogopa, ndiyo maana jina lake linatokana na neno la hofu. Alipofika miaka ishirini aliota ndoto, akaambiwa na mtu aliyevaa nguo nyeupe kwamba ataishi miaka arobaini tu. Korkyt akakataa. Akampanda ngamia wake wa mbio, Zhelmaya, akaenda kutafuta nchi ambayo watu hawafi. Akaenda mashariki, akakuta watu wanachimba. "Mnachimba nini?" "Kaburi la Korkyt." Akageuza ngamia, akaenda magharibi, akawakuta wengine na majembe. "Mnachimba nini?" "Kaburi la Korkyt." Kusini hivyo, kaskazini hivyo. Kwa Kikazakhi imebaki methali mpaka leo: kokote uendako ni kaburi la Korkyt.

Basi akarudi kwao, kwenye mto wa Syr. Akamchinja Zhelmaya, ngamia aliyempenda, akaiwamba ngozi yake kwenye kobyz. Akatandika zulia juu ya maji, akakaa katikati ya mto, akaanza kupiga. Alipokuwa anapiga, kifo kilishindwa kumsogelea, kilikaa ukingoni kikisikiliza kama watu wengine. Akapiga mchana, akapiga usiku, siku hazihesabiki. Ndipo usingizi ukamshika. Kidogo tu. Na kifo kikaja kwa sura ya nyoka, kikamng'ata.

"Kwa hiyo alishindwa," binti yangu alisema.

Apa alifikiri, akapuliza chai yake. "Alilala," alisema. "Kulala si kushindwa."

Kuna na kisa cha wasichana arobaini walioisikia kobyz kutoka mbali wakaifuata jangwani mpaka kiu ikawaua wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa kilema, aliyebaki nyuma. Binti yangu alitaka kujua yule mmoja alifanya nini baada ya hapo. Apa alisema hicho hakikusimuliwa.

Nami sikuweza kulala usiku ule, kwa sababu ya zulia juu ya maji.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipotoka na ngalawa alfajiri moja ya kaskazi, na ngalawa ikapatikana bila yeye. Tulimswalia swala ya ghaibu. Hakuna mchanga uliomwagwa, hakuna kibao, hakuna mahali pa kung'oa magugu. Sikukuu za Idi wenzangu walikwenda makaburini na mimi nilikaa barazani, na nilipokuwa mtu mzima bado sikujua, ninapotaka kumzuru baba yangu, nielekee wapi. Bahari ni kubwa mno kuwa kaburi. Sikumwambia apa mambo haya kwa miaka yote kumi na moja ya ndoa yangu. Usiku ule wa treni nilimwambia, kwa Kikazakhi changu kinachoyumba, naye aliniuliza jambo moja tu: jina la baba yako ni nani? Akalirudia mara mbili, akalala.

Sasa ngoja nieleze kuhusu kaburi lenyewe, kwa sababu watu wanaoona picha ya mnara mtandaoni hudhani Korkyt amelala chini yake. Hakulala pale. Mahali pake palikuwa karibu na ukingo wa Syr Darya, na palikuwa na mazari, yaani jengo la kaburi, ya zamani ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiona na kuiandika. Lakini Syr Darya ni mto unaohama. Unakula ukingo huu, unajenga ule. Mwaka baada ya mwaka ulisogea, ukayafikia matofali, ukayaangusha, na katika karne ya 20 ukamaliza kazi yake. Mtu aliyetandika zulia juu ya mto ili kifo kisimpate, mwishowe mto ulikuja kumchukua kaburini. Mimi nilipofahamu hivyo, niliacha kisu cha vitunguu mezani na kwenda kukaa uani.

Na hata hilo halikuwa kaburi lake pekee. Katika karne ya 17 msafiri wa Kijerumani, Adam Olearius, alipopita Derbent, kwenye pwani ya pili ya bahari ya Kaspi, alisikia habari za kaburi lake huko. Waturuki, Waazerbaijani na Waturkmeni wanamjua pia, wao wanamjua zaidi kama mzee wa hekima na msimulizi wa tendi za Waoghuzi, makabila ya kale ya jamii ya Kituruki. Kitabu cha visa vyake 12 kimehifadhiwa kwa muswada Dresden, Ujerumani. Kila taifa lina Korkyt wake na linamlilia mahali pake. Methali ilisema kweli.

Mwaka 1980, enzi za Usovieti, msanifu majengo Bek Ibraev na mwanafizikia Sovet Isatayev ndio waliosimamisha mnara huu nyikani, mbali kidogo na mto, mahali ambapo njia ya reli ya kwenda Orenburg inapita karibu kiasi kwamba abiria wanaweza kuuona. Huwa nawafikiria watu hawa wawili. Wamepewa kazi ya kumjengea kaburi mtu asiye na mwili. Wangeweza kuweka sanamu ya mzee mwenye ndevu. Wangeweza kuweka jiwe na jina. Badala yake walijiuliza ni kitu gani cha Korkyt ambacho mto haukukichukua, wakahesabu mabomba. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko dhahabu. Mwaka 1997 eneo lilipanuliwa, pakaongezwa jumba la makumbusho na uwanja wa ngazi wa maonyesho. Vitu vizuri, vimepangwa vizuri, nilivipita haraka. Nilitaka kuona nguzo.

Lazima niseme kwamba si kila mtu katika familia alifurahia safari yetu. Siku ya zhyly, wageni walipokwisha kula, mmoja wa wapwa za marehemu, kijana mwenye ndevu nzuri na moyo mzuri, alimwambia apa mbele yangu kwamba kwenda kuomba kwa Korkyt ni shirki, kwamba yule alikuwa baba wa waganga. Chumba kilinyamaza. Nilimwogopea apa. Yeye aliendelea kukunja kitambaa cha meza, kona kwa kona, kisha akasema: "Mwanangu, mimi simwombi. Ninamwombea." Kwa Kiswahili nimeweza kulitafsiri neno lake bila kupoteza hata punje, na nilifurahi sana siku ile kwamba lugha yangu ina kiungo hicho kidogo katikati ya kitenzi.

Lakini kijana hakukosea kuhusu waganga. Baksy, waganga wa Wakazakhi wa zamani, walimhesabu Korkyt kuwa mlezi wao, na kobyz ndiyo iliyokuwa ala yao ya kupandishia. Almaty kuna makumbusho ya ala za muziki yenye jina la Ykylas, mpiga kobyz mashuhuri, ndani ya nyumba ya mbao ya mwanzoni mwa karne ya 20 katika bustani ya Panfilov. Nilimpeleka binti yangu huko alipokuwa na miaka sita, siku ya theluji, kwa sababu tu ndani palikuwa na joto. Kwenye kabati moja kulikuwa na kobyz ya baksy. Kichwa chake kilikuwa kimening'inizwa vyuma vidogo vya kulia, na ndani ya bakuli lake la mbao, pale ambapo ala nyingine ina giza, kulikuwa kumebandikwa kioo. Binti yangu alichuchumia akatazama ndani, akajiona. Alitoka pale akisema anataka kujifunza hicho.

Nilidhani litapita. Halikupita. Sasa ana mwaka wa tatu kwenye shule ya muziki, na mimi nimejifunza zaidi ya nilivyokusudia. Kobyz huchongwa kwenye gogo moja, haiunganishwi. Nusu ya chini ya bakuli imewambwa ngozi, nusu ya juu iko wazi. Nyuzi ni mbili tu na kila uzi ni fungu la singa za mkia wa farasi, na uta wa kuisugulia nao una singa hizohizo. Mpigaji huikamata kwa magoti. Wala hakandamizi nyuzi kwenye ubao kama wapigaji fidla, maana hakuna ubao wa kukandamizia. Anaugusa uzi kando kwa kucha na ncha ya kidole, hewani, na mguso ukizidi hata kidogo sauti inakwama. Wiki za kwanza nyumba yetu ilisikika kama mlango unaohitaji mafuta. Kisha siku moja nikiwa jikoni nilisikia farasi akilia, nikaenda dirishani. Alikuwa yeye.

Sauti hiyo karibu ipotee. Wakati wa Usovieti waganga waliandamwa, na chombo cha mganga hakikuwa kitu cha kuonekana nacho. Mwaka 1934 Akhmet Zhubanov alipoanzisha okestra ya ala za kienyeji, ile iliyokuja kupewa jina la Kurmangazy, kobyz ilibadilishwa ili iingie kwenye okestra: ikaongezewa nyuzi, singa zikaacha nafasi kwa chuma, bakuli likafunikwa. Ilipata kiti ukumbini na ikapoteza pumzi yake. Kobyz ya singa ilibaki kwa wazee wachache. Kabla ya hapo Ykylas Dukenuly, aliyeishi kati ya 1843 na 1916, alikuwa amefanya jambo kubwa: aliitoa kobyz kwenye kilinge na kuifanya ala ya kusikilizwa na mtu yeyote, akaitungia kui zake mwenyewe. Kui ni tungo isiyo na maneno, inayosimulia kisa kwa nyuzi peke yake. Mapokeo ya Ykylas yalimfikia Daulet Myktybaev, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Myktybaev, mzee tayari, aliitwa kufundisha kobyz ya singa kwenye chuo cha muziki cha Almaty. Mzee mmoja na wanafunzi wachache ndani ya chumba. Mwalimu wa binti yangu alifundishwa na mtu aliyefundishwa kwenye chumba kile. Nikihesabu mikono kutoka kwa mtoto wangu kurudi nyuma mpaka kwa Ykylas, vidole vya mkono mmoja vinanitosha, na hilo linanitisha kuliko linavyonifurahisha.

Tungo zinazohesabiwa kuwa za Korkyt mwenyewe si nyingi. Ipo "Korkyt", ipo "Zhelmaya" ya ngamia, "Targyl tana" ya mtamba wa madoa, "Bashpay", na ipo "Ushardyn uluy", ambayo ni mbwa aitwaye Ushar akiomboleza. Hiyo ya mwisho ndiyo binti yangu alikuwa anajifunza mwaka huo.

Basi tulipokuwa tumesimama pale chini ya nguzo bila upepo, apa alimwambia: "Piga wewe." Mtoto akanitazama. Alikuwa ameibeba kobyz tangu Almaty, kwenye mfuko wake wenye zipu iliyoharibika, ameilaza kitandani treni nzima na yeye kulala amejikunja miguuni pake. Lakini kuipiga pale hakutaka. Alisema mikono ina baridi. Alisema uta haujapakwa ulimbo. Mwishowe alikaa kwenye ngazi, akaiweka magotini, akavuta uta mara moja, na uzi ukalegea. Hewa ya Almaty na hewa ya Karmakshy si moja. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na nyika ile ilikuwa imekikausha kigingi njiani. Akakaza kigingi, ukalegea tena. Akakaza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Dereva, ambaye mpaka hapo nilidhani hamjali mtu, alikuja akachuchumaa mbele yake, akashika kigingi kwa vidole vyake vinene vyenye grisi, akakilowesha kidogo kwa mate, akakisukuma ndani huku akizungusha. Uzi ukashika. Hakusema chochote, akarudi kwenye gari.

Binti yangu alipiga kama nusu ya kui. Mbwa alilia mara nne au tano. Kisha akasahau mbele, akaacha.

Apa alikuwa ameshakaa chini, miguu ameikunja upande, shelpek saba ziko kwenye kitambaa mbele yake. Alisoma Kulhuwallah tatu na Fatiha. Kisha, kama wanavyofanya huku, akaanza kuwataja anaowatunukia kisomo. Alimtaja mume wake. Aliwataja wazazi wake na wa mumewe. Alimtaja Korkyt Ata. Na baada ya Korkyt, bila kunitazama, akalitaja jina la baba yangu, kwa matamshi ya Kikazakhi, akaimeza irabu ya mwisho. Aumin, akasema. Tukapitisha viganja usoni. Nilibaki nimevifunika macho kwa viganja vyangu muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Tukala shelpek tukiwa tumesimama, tukampa dereva mbili. Mnara haukutoa hata mlio. Tukarudi Zhosaly.

Jina la Korkyt utalikuta kila mahali Kyzylorda, mji mkuu wa mkoa huu: uwanja wa ndege ni wake, chuo kikuu ni chake. Mwaka 2018 kikao cha UNESCO kilichofanyika Port Louis, Mauritius, kiliuingiza urithi wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa ubinadamu, kwa ombi la pamoja la Azerbaijan, Kazakhstan na Uturuki. Niliposoma kwamba ilikuwa kisiwani, ndani ya Bahari ya Hindi ileile, nilisoma tena aya ile mara kadhaa.

Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka madirisha ya nyumba ya apa yalianza kugonga. Nilikuwa macho. Nilisikia mlango wa uani ukipigwa, kisha ndoo ikibiringika, kisha mbwa wa jirani. Nilipotoka ukumbini nilimkuta apa ameshavaa koti na kitambaa chake cha sufu, anampigia dereva simu. Treni yetu ilikuwa ya saa nne. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri.

Tuliusikia kabla hatujaufikia. Dereva alipunguza mwendo, akafungua mlango wake kidogo, na ule mvumo ukaingia garini pamoja na vumbi. Nimejaribu mara nyingi kuueleza. Una uzito wa siwa inayopulizwa mbali, nyuma ya nyumba nyingi, na mtu ambaye hachoki lakini hana haraka. Lakini siwa ina mwanzo na mwisho. Huu ulikuwa unapanda na kushuka, unagawanyika kuwa sauti mbili, tatu, moja nzito chini na nyingine nyembamba ikizunguka juu yake, kisha zinaungana, kisha upepo unavuta pumzi na kunabaki uzi mmoja tu wa sauti, mwembamba, karibu ukatike. Haukatiki. Nilizunguka nguzo zote nne. Upande wa mashariki sauti ni nyingine, magharibi ni nyingine. Niliweka kiganja kwenye zege na zege lilikuwa linatetemeka, kidogo sana, kama kifua cha mtu anayeongea.

Sikumwona baba yangu, wala sikusikia jina lake kwenye upepo, na sitasema uongo. Nilichokipata ni mahali pa kusimama. Nilisimama nikiuelekea mto, ambao huuoni kutoka pale lakini unajua uliko kwa mstari wa miti, na nikamsomea Yasin yote, kwa sauti, jinsi ambavyo ningeisoma kando ya kaburi. Upepo ulikuwa unanipokonya maneno mdomoni. Nikaendelea mpaka mwisho.

Nilipogeuka nilimwona binti yangu amekaa kwenye ngazi ileile, kobyz magotini, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, sikio ameligeuzia mabomba. Alikuwa anakaza kigingi na kulegeza, anavuta uta mfupi, anasikiliza, anakaza tena. Alitaka kuulinganisha uzi wake na mnara.

"Mama," aliniambia kwa Kiswahili, ambacho hukitumia akiwa amekasirika, "nikiikaribia tu inabadilika."

Dereva alipiga honi mara mbili. Tulimfunika koti yeye na chombo chake na kukimbia naye mpaka garini. Apa aliyekuwa ameketi mbele alishusha kioo upana wa kidole kimoja, vumbi likatuingia machoni sote, na hakuna aliyemwomba akipandishe mpaka tulipokwisha kuvuka reli.